Kuku wa Kumjulia Hali Babu Selemani

Kila asubuhi Zuhura alifagia uwanja, akachota maji kisimani, akapiga mswaki kwa kijiti, kisha akaanza kazi ngumu kuliko zote: kumwondoa babu yake mkekani.

“Shikamoo, Babu. Kumekucha.”

“Marahaba. Kumekucha kwa nani? Mguu wangu bado umelala.”

“Ndiyo maana nimekuja kuuamsha.”

Babu Selemani hakuwa mtu wa kuamshwa hivi hivi. Alikuwa amepakia korosho katika bandari ya Mtwara miaka mingi, na kwa maneno yake mwenyewe, siku aliyostaafu kuna meli iliyokataa kung’oa nanga mpaka yeye aje kuiaga. Alisema pia kwamba aliwahi kushusha gunia zito mno, hata meli ilipotuliwa mzigo huo ikaruka juu kama samaki, na nahodha akamwaga chai. Watu wa kijiji cha Mikoroshoni walimsikiliza, wakacheka, wakayagawa maneno yake kwa kumi, na kilichobaki nacho hawakukiamini.

Mwaka ule, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, Babu alipatwa na kiharusi. Alikuwa anakunywa uji, kikombe kikamponyoka, mkono na mguu wa kushoto vikalegea kama kamba iliyolowa. Alilazwa hospitali mjini, akarudi nyumbani amebebwa. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Majirani walisema ugonjwa ule ulikosea njia.

Aliyemleta alikuwa Sista Agnes, muuguzi aliyewafundisha kutembea watu waliopooza. Alipofika tu aliagiza mianzi miwili mirefu. Jirani yao Laurinda, mama aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akiwa na chungu kichwani na matetea kwapani, alikwenda kuikata shambani kwake. Ikafungwa uwanjani sambamba, kimo cha kiuno, ili Babu apite katikati akiwa amejishikilia.

“Mzee, ubongo wako umesahau njia ya kwenda mguuni,” Sista Agnes alimwambia. “Njia ya shamba isiyopitwa huota majani. Ukiipita kila siku itafunguka. Usipoipita, mguu utakakamaa, kisigino kitapanda juu, na hakitagusa tena chini.”

“Sista, mimi nimebeba magunia bandarini. Leo nifundishwe kutembea kama mtoto wa juzi?”

“Mtoto wa juzi akianguka huinuka bila kusimulia habari za bandari. Muige.”

Kisha akamgeukia Zuhura, akamwonyesha jinsi ya kusimama upande wa mguu mbovu na kushika mshipi wa babu yake. “Asiuburute mguu. Ainue goti, kisigino kitangulie kukanyaga. Nitarudi msimu wa korosho ukianza. Nikimkuta anatembea mpaka barabarani, tumeshinda. Nikimkuta mkekani, mguu huu tumeupoteza.”

Zuhura alikuwa darasa la tano na hakupenda kupoteza kitu, hata kifutio. Aligundua upesi kwamba Babu hawezi kuifuata amri, lakini huifuata chai. Basi kila asubuhi kikombe cha chai ya tangawizi kiliwekwa mwisho wa mianzi, na Babu akakifuata huku akiilaani hospitali nzima, kuanzia daktari hadi mpishi. Mwanzoni chai ilikuwa inapoa kabla hajafika. Baadaye akawa anaikuta vuguvugu. Ikafika asubuhi moja akaikuta ya moto, akaungua ulimi, na Zuhura akaruka kwa furaha.

“Unacheka babu yako kuungua?”

“Nacheka umewahi, Babu.”

Mambo yangeendelea hivyo, kama si ile desturi ya kumjulia hali mgonjwa. Huku kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Atabeba ndizi, au mayai, au unga wa muhogo. Na mgonjwa akiwa mtu mzima anayeheshimika, atabebewa kuku aliye hai, miguu imefungwa kwa kamba ya ukili.

Wa kwanza kuja na kuku alikuwa Mzee Salumu, mwenyekiti wa kijiji. Alitokea na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kishungi kama kofia ya polisi. Akamkuta Babu katikati ya mianzi, amesimama wima, anatembea.

“Alhamdulilahi,” alisema Mzee Salumu. “Kumbe umepona. Basi jogoo huyu nimpelekee shemeji yangu, ana jipu.”

Akasalimia, akageuka, akaondoka na jogoo wake. Babu alimsindikiza jogoo yule kwa macho mpaka mkia ukapotelea kwenye mikorosho. Chai siku hiyo hakuifuata.

“Umeiona dunia, mjukuu wangu?” alisema. “Mtu akipona ananyimwa kuku. Jipu linapewa jogoo.”

Siku ya pili sauti ikasikika njiani, “Hodi wenyewe?” Babu alitoka kwenye mianzi akarudi mkekani kwa mwendo ambao Sista Agnes angeuona angempa cheti. Akajifunika shuka mpaka kidevuni, akaguna. Mgeni, mama mmoja wa kijiji cha Ziwani, aliingia na tetea mweupe, akamtazama, akatikisa kichwa.

“Pole, mzee wangu. Unaendeleaje?”

“Mwanangu, mimi ni wa leo, wa kesho.”

Tetea akabaki. Jioni ile nyumba ilinuka mchuzi wa nazi, na Zuhura akapewa paja zima. Alikuwa hajawahi kupewa paja zima tangu azaliwe. Lilimfunga mdomo.

Tangu hapo kazi yake ikabadilika. Akawa anasimama pembeni ya nyumba, anatazama njia. Akimwona mgeni, anaimba wimbo wa shule, na Babu anawahi mkekani. Babu alikuwa na kuguna kwa aina zote. Palikuwa na kuguna kwa ndizi, kufupi, kwa adabu tu. Palikuwa na kuguna kwa mayai. Na palikuwa na kuguna kwa kuku, kurefu, kunakoanzia tumboni na kupanda taratibu, hata mgeni mwingine alitoka nje akifuta machozi na kuuliza kama kaburi limeshachimbwa.

Habari zilienea. Kuku walikuja kutoka Ziwani, kutoka Nanguruwe, kutoka kule Kilambo kwenye kivuko. Mama yake Zuhura, aliyekuwa akishinda shambani kwenye mihogo, alirudi jioni na kukuta kuku ambaye asubuhi hakuwepo.

“Watu wanampenda sana baba,” alisema.

“Sana,” alijibu Zuhura, akainamisha uso kwenye sufuria.

Wageni hawana saa. Kwa kuwa mgonjwa mahututi hawezi kukutwa anatembea, Babu aliacha kutembea kabisa. Ile mianzi miwili ikapata wenyewe wapya: kuku waliipenda, wakalala juu yake jioni wamejipanga kama abiria.

Asubuhi moja Zuhura alitaka kumvisha Babu kandambili ya kushoto. Haikuingia. Mguu ulikuwa umejikunja, vidole vinatazama chini, kisigino kinaelea.

“Babu, kisigino kimepanda.”

“Kitashuka.”

“Sista alisema kikizoea hakishuki.”

“Sista hajaonja mchuzi huu.”

Zuhura alitaka kujibu, lakini kinywani alikuwa na firigisi.

Tatizo jingine lilikuwa banda. Kuku walijaa, na mgeni mwenye macho angeweza kujiuliza kama mgonjwa huyu anakufa au anafungua duka. Babu akapata akili. Kijijini kuna kawaida ya kumpa jirani kuku akufugie, vifaranga mkagawana. Akamtuma Zuhura asubuhi mapema, mkono huu kuku, mkono huu kuku.

“Mpe jirani, mwambie afuge. Na mwambie asimtaje mwenye kuku, maana mimi ni mgonjwa, sitaki kelele.”

Kila jirani alipokea, akafurahi, akadhani ni yeye peke yake aliyependelewa.

Ndipo akaja Ismaili. Huyu alikuwa rafiki wa Babu wa siku za bandarini, alikaa mjini, Ufukoni, na alikuwa amekuja kwa basi na kuku wa madoadoa ndani ya tenga. Babu aliguna kuguna kwa kuku, akaongeza na kikohozi kwa ajili ya urafiki.

“Nimekuletea huyu,” alisema Ismaili. “Ndiye aliyebaki. Wenzake wameanguka wote wiki hii, mmoja baada ya mwingine. Nikasema afadhali nimpe mgonjwa apate supu, kuliko afe bure.”

Zuhura alimtazama kuku. Alikuwa amesinzia mchana kweupe, mabawa yameshuka, na akipumua alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo. Ismaili alipoondoka, Zuhura alisema, “Babu, kuku huyu anaumwa.”

“Amechoka na basi. Hata wewe ungepanda basi lile ungesinzia. Mpeleke kwa Laurinda, kwake kuna uwanja mpana.”

Zuhura alijua kwamba kuku yule hakuchoka na basi. Alijua njia nzima, huku tenga likimgonga gotini. Lakini alimpeleka. Laurinda alimpokea kwa mikono miwili, akampa Zuhura kipande cha muhogo wa kuchoma.

“Mwambie babu yako ahsante. Sitamtaja. Mgonjwa hasumbuliwi.”

Haikupita wiki, kuku wa Laurinda wakaanza kufa. Kwanza waliharisha kijani. Kisha shingo zikapinda, jogoo wake akawa anatazama nyuma kama dereva anayerudisha gari. Halafu wakafa wa jirani wa pili, wa jirani wa tatu, wa shule, wa imamu. Ulikuwa ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Watu waliwachinja kuku wao upesi kabla hawajafa, na kwa siku chache Mikoroshoni yote ilinuka kama kijiji chenye harusi katika kila nyumba, ila hapakuwa na aliyeimba. Wengine waliwafunga kuku waliobaki ili wawapeleke kwa wakwe zao vijiji vya mbali.

Bwana mifugo akaja kwa pikipiki kutoka mjini. Aliitwa Erasto, kijana mwembamba, na kazi yake wakati ule ilikuwa kuchunguza jinsi kideri kinavyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji. Alipita nyumba kwa nyumba na swali moja.

“Kuna kuku mgeni aliyeingia hapa karibuni?”

“Hakuna,” alijibu wa kwanza, akikumbuka siri ya Babu.

“Hakuna,” alijibu wa pili.

Erasto alikuna kichwa. “Kuku hapandi basi peke yake. Ugonjwa huu hutembea kwa miguu ya watu. Msiponiambia umetoka wapi, siwezi kujua umekwenda wapi, na chanjo niliyo nayo ni ya kuku wazima tu. Nitaipeleka kijiji kipi?”

Hapo maneno yakaanza. Kuku wa Laurinda ndio waliotangulia kufa. Laurinda ametoka ng’ambo ya mto. Kaka yake Mateus huvuka Kilambo kuja kumsalimia. Nani ajuaye alichobeba? Kabla jua halijawa kali, Mzee Salumu alikuwa ameitisha mkutano mbele ya ghala la korosho.

Zuhura aliyasikia hayo kisimani, akakimbia nyumbani.

“Babu, wanataka kumfukuza Mama Laurinda.”

Babu alijigeuza ukutani. “Watasema, watachoka. Maneno ya mkutano ni kama mvua ya masika, hupita.”

“Lakini kuku ni wetu.”

“Zuhura, mgonjwa hasumbuliwi.”

Zuhura akaenda mkutanoni peke yake. Alimkuta Laurinda amesimama katikati, kanga ameikaza kiunoni, watu wamemzunguka.

“Hatukuchukii, mama,” Mzee Salumu alikuwa anasema. “Ila kijiji kimekwisha kuku. Ni bora ukae kwa ndugu zako Kilambo mpaka mambo yatulie.”

“Nilikuja hapa na matetea wawili,” alisema Laurinda. “Kuku wangu wote walizaliwa Mikoroshoni. Na Mateus alikuja na kambare.”

“Basi kuku mgeni alitoka wapi?” aliuliza Erasto.

Laurinda alimwona Zuhura nyuma ya watu. Walitazamana. Kisha mama yule akatazama chini. “Nilimwahidi mtu sitamtaja.”

Watu waliguna. Zuhura alikumbuka muhogo wa kuchoma aliopewa siku ile. Akasukuma watu, akafika katikati.

“Nimempelekea mimi,” alisema. “Ni kuku wa Babu. Aliletewa na Mzee Ismaili kutoka Ufukoni, na nilijua anaumwa. Na majirani wengine nao nimewapelekea kuku wa Babu, wale anaoletewa na wageni. Babu haumwi kama anavyoonekana. Anajilaza ili aletewe kuku.”

Kicheko kikapasuka mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la ghala.

“Mjukuu wa Selemani huyo,” alisema mtu. “Damu haipotei.”

“Ile meli ilikuwa inaruka, sasa kuku wanapanda basi.”

Mzee Salumu alijifuta machozi ya kucheka. “Mtoto, mimi mwenyewe juzi nilikwenda na jogoo wa pili. Mzee hawezi hata kugeuza shingo. Alinishika mkono akaniusia watoto wake.”

“Nani mwingine alipokea kuku kutoka kwa mzee huyo?” aliuliza Erasto.

Majirani walitazama miguu yao. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na kila mwenzake alikuwa anangoja.

“Anasema kweli,” alisema Laurinda.

“Wewe lazima useme hivyo,” mtu akajibu.

Zuhura aliona kwamba ukweli ameusema wote, na haukutosha. Ulikuwa umechelewa, na ulikuwa umetoka nyumba isiyoaminiwa. Ulibaki ushahidi mmoja tu, nao ulikuwa umelala mkekani.

Alikimbia. Alimkuta Babu amekaa, anatafuna mbawa.

“Babu, twende kwenye ghala.”

“Nikafanye nini?”

“Wakuone unatembea. Nimesema yote, hawakuamini.”

Babu aliweka mbawa chini. “Umenisema mbele ya watu? Mimi nitaonekana mwongo, Zuhura.”

“Mimi nimeshaonekana, Babu.”

Mzee Selemani alimtazama mjukuu wake, miguu yake imejaa vumbi, macho mekundu. Kisha akasema, “Leta mshipi.”

Zuhura aliwafukuza kuku kwenye mianzi, wakaruka wakilalamika kama waliopandishiwa kodi ya nyumba. Babu alishika kwa mkono wa kulia, akajivuta, akasimama. Mguu wa kushoto ulining’inia. Alipoukanyagia, uso ulimkunjamana, na safari hii hakuguna, maana maumivu haya yalikuwa ya kweli.

“Umesahau,” alinong’ona. “Mguu umenisahau kweli.”

“Inua goti, Babu. Kisigino kwanza.”

Kisigino hakikutaka. Kilikataa, kikasitasita, kikagusa ardhi kidogo kama mtu anayepima maji ya mto. Babu alijaribu tena. Mwisho wa mianzi hapakuwa na chai. Palikuwa na uwanja mtupu, na baada ya uwanja, njia.

“Sasa nishike nini?”

“Nishike mimi.”

Walitoka hivyo, mzee amemwegemea mtoto, mtoto ameshika mshipi. Mama yake Zuhura alikuwa anarudi na kapu la mihogo kichwani. Aliwaona, akatua kapu pale pale njiani, akawafuata nyuma.

Kwenye ghala, wa kwanza kumwona alikuwa yule mama wa Ziwani. Alikaza macho.

“Yule si mzee niliyempa tetea mweupe azikiwe vizuri?”

Watu waligeuka. Babu Selemani alikuwa anakuja, mguu unatupwa upande, jasho linamtiririka, lakini amesimama. Hakuna aliyecheka. Mzee Salumu alivua kofia, akaivaa tena.

“Selemani,” alisema, “wewe uliniusia watoto.”

“Nilikuusia,” alisema Babu, akihema. “Na watoto hawa nitakupa kweli, kama hutaki kumsikiliza huyu mmoja. Kila alichosema ni kweli. Kuku wa madoadoa ni wangu. Na ninyi majirani, mnaotazama vidole vya miguu, vimewafanyia nini? Semeni kuku niliowapa wako wapi.”

Hapo midomo ikafunguka yote kwa pamoja. Nilipewa mmoja. Na mimi. Na mimi mmoja, akafa, nikampeleka mwingine kwa mkwe wangu Nanguruwe. Erasto aliomba waseme mmoja mmoja, hawakuweza, lakini alisikia ya kutosha. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejua kideri kilianzia wapi na kimeelekea wapi. Akakataza kuku yeyote kuingia au kutoka kijijini. Waliokufa wakachomwa na kufukiwa kwenye shimo refu, mabanda yakafagiliwa na kuachwa wazi kwa jua, na Erasto akawasha pikipiki kuipeleka chanjo kwenye vijiji ambavyo ugonjwa ulikuwa haujafika. Ufukoni alipitia pia, na Ismaili alipoelezwa, aliketi chini akashika kichwa. Alikuwa anadhani ametoa sadaka.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale ghalani, Mzee Salumu alimgeukia Laurinda, akakohoa.

“Mama, tumekukosea. Mzee huyu tumpe adhabu gani?”

Laurinda alimtazama Babu kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu uliopinda.

“Kuku wako ameua kuku wangu wote, Babu,” alisema. “Mimi sasa ndiye mwenye msiba. Utakuja kunijulia hali. Kila asubuhi, kwa miguu yako, siyo kwa kutuma mtoto. Na huku kwetu mtu haji mikono mitupu.”

“Nije na nini? Kuku waliobaki kwangu hakuna atakayewataka.”

“Utakuja na kijiti kimoja cha banda jipya. Banda likiisha, tutaona.”

Watu walicheka tena, na mara hii Zuhura alicheka nao.

Laurinda alikuwa jirani kwa mwenye miguu mizima, lakini kwa Babu nyumba yake haikuwa karibu. Kulikuwa na mteremko, kulikuwa na kijito, kulikuwa na mbwa. Siku za mwanzo Babu aliondoka asubuhi na kufika wakati watu wanapika cha mchana, amelowa jasho, kijiti kimoja mkononi kama fimbo ya mfalme aliyepinduliwa. Laurinda alimpa maji na kigoda, akakitazama kile kijiti na kusema ni kifupi. Babu alirudi akinung’unika. Zuhura alitembea upande wa kushoto kila asubuhi mpaka njia panda ya shule, na hapo akamwachia fimbo. Kisigino kilishuka polepole, kwa ubishi, kama alivyokuwa mwenye nacho.

Msimu wa korosho ulipoanza, Sista Agnes alifika uwanjani akakuta mkeka umekunjwa na mianzi imeng’olewa. Aliogopa. Alifikiri amechelewa na mzee ameshazikwa. Mama yake Zuhura alimwelekeza kwa Laurinda, na huko akamkuta Babu amesimama juu ya mguu wake wa kushoto, anamfundisha Zuhura kufunga ukili kwenye paa la banda, na kumkosoa Laurinda kuhusu mlango. Mkono ulikuwa bado dhaifu, na akitembea alichechemea. Lakini alitembea.

Sista Agnes alisimuliwa yote. Mwanzoni alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka, akaketi kwenye kigoda, akamvuta Zuhura karibu.

“Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema. “Mzee Ismaili alileta ugonjwa, hakujua. Wewe ulijua, ukauficha, na kijiji kikakosa kuku. Ila babu yako ndiye wa kwanza kumwona katika kazi yangu yote: yeye alificha uzima. Nao uzima ukifichwa hukasirika, huondoka. Siku uliyosema kweli, hata ulipochekwa, ndiyo siku mguu huu ulipoanza kupona. Dawa yangu ilikuwa mianzi tu. Ukweli ukisemwa mapema huuma kidogo. Ukicheleweshwa, huuma wengi.”

“Nimesikia, Sista,” alisema Zuhura.

“Na wewe, mzee?”

“Nimesikia,” alisema Babu. Akafikiri kidogo, na macho yake yakaanza kung’aa. “Ila nikwambie, Sista, mguu huu sasa una nguvu ajabu. Asubuhi hii nimelipita Landrova lenu la hospitali pale kwenye mteremko. Nimelipita, nikaliacha nyuma.”

Sista Agnes aliinua nyusi. Laurinda akaacha kusuka ukili. Zuhura alimtazama tu babu yake, akaendelea kumtazama.

Babu alikohoa, akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

“Lilikuwa limesimama,” alisema. “Dereva alikuwa anabadilisha gurudumu.”